Moja ya Mia Nne

Maabara, ghorofa ya pili
3 Februari

Baba,

Shikamoo. Kuna mlio mmoja haunitoki kichwani: upawa wako ukigonga ukingo wa sufuria mara mbili. Ko, ko. Tangu nikiwa mdogo, nikifanya kazi za shule juu ya gunia la mchele nyuma ya jiko la bweni, nilijua maana yake. Kwanza ulichota, ukapuliza, ukaonja kwa ile sauti ya ulimi ambayo marehemu Mama aliichukia, ukanyamaza kidogo kama hakimu, kisha ko, ko. Umeridhika. Wasichana mia nne wanaweza kula.

Desemba nilipokuja likizo nilikaa sebuleni nikikusikiliza unavyopika. Nikasikia ko, ko. Lakini kabla yake sikusikia kitu. Hukupuliza, na ulimi haukulia. Nikajiambia ni ukuta. Nimerudi kazini wiki tano sasa na bado naufikiria ukuta huo.

Siku ya kuondoka uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu kwa mkato kwa sababu basi lilikuwa linanguruma. Ni hivi. Watu wakiulizwa walichokula, hutaja walichokula Jumapili, au walichotamani, au kile wanachodhani kitamfurahisha anayeuliza. Siwaiti waongo. Hata mimi ukiniuliza nilikula nini jana, kuna biskuti sitazitaja. Kwa hiyo hatuishii kuuliza. Mshiriki anaandika daftari la chakula kwa siku saba, na kwa siku mbili kati ya hizo anakusanya mkojo wake wote, saa ishirini na nne, kwenye madumu tunayompa. Protini aliyokula huacha naitrojeni humo. Matunda na mboga huacha potasiamu. Chumvi ndiyo haina siri kabisa, karibu yote hutoka kama ilivyoingia. Mimi naliweka daftari upande huu, vipimo upande ule, kisha napima umbali ulio katikati. Umbali huo ndio tasnifu yangu. Majina ya watu hatuyaoni. Tunaona namba tu.

Unakula vizuri? Mkanda wako ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari. Na nitumie kipimo cha uji wako, wa kwangu unatoka na madonge.

Binti yako,
Kijiko


Jikoni, shule ya bweni
12 Februari

Kijiko wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili msaidizi wangu asikie. Yule mama alicheka mpaka akaegemea pipa la unga. “Yaani Mpishi Mkuu, umemsomesha mtoto miaka yote hiyo ili akachunguze mikojo ya watu?” Nikamwambia nyamaza wewe, hiyo ndiyo sayansi, na wa kwako mbona mpaka leo anachunguza simu tu? Amenuna, lakini chai kaniletea.

Habari ya ukuta: ukuta wetu ni mnene, aliujenga babu yako, na babu yako hakuwa mtu wa kubania tofali. Mimi nina miaka thelathini na moja jikoni. Mkono wangu unaijua chumvi kabla ulimi haujaamka. Na mkanda ule ni wa zamani, ngozi imelegea. Ngozi ya mkanda, si yangu.

Uji: unga kilo ishirini, maji lita mia moja na sitini, sukari kilo nane. Ukitaka wa mtu mmoja, gawa kwa mia nne. Mimi sijawahi kupika wa mtu mmoja na sitaanza leo. Siku hizi wasichana wananiita Bwana Mia Nne, wanadhani sisikii. Madonge yako yanatokana na haraka. Unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi, nimekwambia tangu una miaka saba.

Imebaki miezi kumi na minne nistaafu. Nataka nitoke jikoni humu kwa miguu yangu, kwa mlango wa mbele, sufuria zote zikiwa zinang’aa. Zaidi ya hapo sina shida yoyote. Nakula, nalala, nagombana na msaidizi.

Nina kajambo nakafanya. Nitakuambia kakiisha. Utafurahi.

Baba


Maabara
9 Machi

Daktari,

Natumaini kazi ya huko inakwenda vizuri na kwamba umepata umeme wa uhakika. Madumu ya mji wa nne wa utafiti wetu yamefika yote. Hakuna lililovuja. Nimeshapima nusu, na daftari zote nimezisoma.

Ninakuandikia kuhusu mshiriki namba 417, mwanamume, miaka 58. Daftari lake ni safi kuliko yote niliyowahi kusoma. Protini gramu 82 kwa siku, mboga kila mlo, tunda kila jioni, chumvi gramu tano. Vipimo vinasema kitu kingine: protini gramu 31, potasiamu ya mtu asiyegusa mboga wala tunda, na chumvi gramu 17. Nilidhani hakukusanya mkojo wote, lakini vile vidonge vitatu vya uthibitisho, tunavyowamezesha siku za kukusanya, vimeonekana humo karibu vyote, siku zote mbili. Nimerudia vipimo mara tatu, mara ya tatu kwa mashine ya jirani zetu wa ghorofa ya chini.

Namna anavyoandika si ya kawaida. Kila chakula kiko kwa sehemu za mia nne. “Maharage: 1/400 ya kilo 48. Kabichi: 1/400 ya vichwa 50. Yai: 1/400 ya mayai 400.” Nilipofika kwenye yai nilicheka peke yangu maabara nzima, kisha nikaacha kucheka.

Kwenye fomu ya ridhaa ametia alama kwenye kisanduku cha “Sitaki kujulishwa majibu yangu.” Naomba mwongozo, kwa ajili ya siku zijazo: mshiriki wa namna hii, ambaye pengine anaumwa na hajui, au anajua na anaficha, tunaruhusiwa kumwambia?

Wako,
Mwanafunzi wako


15 Machi

Binti,

Vipimo vyako ninaviamini. Namba 417 ni fundi wa kudanganya. Kila utafiti una mmoja wa aina yake. Muweke kando, andika sababu, endelea.

Kanuni unaijua kwa sababu uliichapa wewe mwenyewe. Mshiriki akiomba majibu kwa maandishi, anapewa, hata kama mwanzoni alisema hataki. Asipoomba, hapewi, na hakuna mtu wa kwetu anayeruhusiwa kumsukuma aombe. Watu wanatukabidhi miili yao kwa ahadi hiyo.

Sasa nikuulize. Swali lako la siku zijazo linanukia leo. Unamjua mtu huyu? Kama unamjua, iko fomu ya kujitoa. Ukiijaza, mji wote wa nne utachambuliwa na mwingine, nawe utasubiri mwaka mzima. Usipoijaza na ikaja kujulikana, tasnifu yote itatupwa, na jina langu litakwenda nayo. Nakuuliza mara moja tu. Sitarudia, kwa sababu nakuheshimu.

Narudi tarehe 16 Aprili.

Daktari


Maabara
18 Machi

Baba,

Shikamoo. Uji umetoka vizuri, hauna donge hata moja. Maji baridi kwanza. Samahani kwa ile miaka yote.

Nina swali la kikazi, nataka kujua watu wa kawaida hufikiri vipi. Tuseme mtu ameshiriki utafiti kama huu wetu, akatia alama kwamba hataki kujulishwa majibu yake. Kwa nini mtu afanye hivyo? Na akibadili mawazo, kinachohitajika ni karatasi moja tu: naomba majibu yangu, namba, tarehe, saini. Ungekuwa wewe, usingeiandika? Nauliza tu.

Na jingine. Usinitumie kipimo safari hii. Niambie chakula cha jana jioni kilikuwa na ladha gani.

Kijiko


Jikoni
29 Machi

Kijiko,

Marahaba. Umenichekesha. Maharage yalikuwa na ladha ya maharage. Wali ulikuwa na ladha ya wali. Ulitaka niseme nini?

Kuhusu huyo mtu wako wa kisanduku, mwache. Mtu mzima akisema hataki kujua, huenda tayari anajua. Nyie wasomi mnadhani kila mlango uliofungwa umefungwa kwa bahati mbaya.

Huku kumechangamka kidogo. Wiki mbili zilizopita msaidizi alikwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua, nikabaki na jiko peke yangu siku sita. Siku ya tatu wasichana wakarudisha maharage, sahani zote mia nne, wamezipanga dirishani kama wanajeshi. Ati chumvi. Mwalimu mkuu mwenyewe kaja, kachukua kijiko, kaonja, kanitazama. Nikamwambia ni chumvi hii mpya waliyoleta, ni kali. Sasa naipima kwa mizani, gramu kwa gramu, hakuna mjadala.

Jumanne niliona giza kidogo nikiwa karibu na sufuria kubwa, nikataka kuteleza. Msaidizi alisharudi, akanidaka kwa kamba za aproni. “Mpishi Mkuu, ukitaka kuwa supu utoe taarifa mapema, tuandae vitunguu!” Jiko zima lilicheka, na mimi nikacheka kuwazidi.

Kale kajambo kangu nimekamaliza zamani. Nasubiri tu uniambie kama kamekufaa.

Baba


Maabara
4 Aprili

Baba,

Namba 417 ni wewe.

Nilikujua kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Duniani hakuna mtu mwingine anayekula yai moja la mayai mia nne. Na ile si wiki yako. Ni ratiba iliyokuwa imebandikwa juu ya karai la kuoshea nilipokuwa darasa la pili: Jumatano mayai, Ijumaa kabichi na karoti. Shule iliacha kutoa mayai kabla sijamaliza msingi. Naikumbuka kwa sababu nilijifunzia kusoma kwenye ratiba hiyo.

Sasa nitakuambia usichotaka kujua. Unakula protini kidogo kuliko nusu ya uliyoandika. Mboga huzigusi. Chumvi unayokula ingewatosha watu watatu. Nimekaa na namba hizi tatu karibu mwezi mzima. Mtu mvivu wa kupika hapati namba kama hizi, wala mlafi. Huyu ni mtu anayetafuta kitu ndani ya chakula na hakipati, basi anaongeza chumvi, na bado hakipati, anasukuma sahani. Umepoteza ladha, Baba? Tangu lini?

Ulitia alama kwamba hutaki. Mimi niliahidi kuiheshimu alama hiyo kwa watu mia tano, na nimeivunja kwa mmoja. Lakini radhi ninayokuomba si ya barua hii. Ni ya wiki nne nilizonyamaza, nikikuzungushia maswali ya kijanja huku wewe unaona giza kando ya maji yanayochemka.

Tafadhali, kesho nenda zahanati ukapimwe shinikizo la damu. Usipike kwenye sufuria kubwa ukiwa peke yako. Mengine tutayazungumza.

Kijiko


Nyumbani
12 Aprili

Mwanangu,

Leo sikuandikii kutoka jikoni. Nipo mezani kwetu, nimekaa kwenye kiti cha mama yako.

Ni tangu mvua za mwaka jana. Nilipata mafua makali, wiki nzima kitandani. Nikapona, nikarudi kazini, nikaweka vitunguu kwenye mafuta, nikageuka kuongea. Nilishtukia watu wanakimbia wanakohoa. Vitunguu vilikuwa makaa, nami nimesimama juu yake sikunusa kitu. Nikasema ni mabaki ya mafua, yatapita. Hayakupita. Nyama ni kama kutafuna kitambaa. Tunda ni maji. Chumvi peke yake ndiyo bado inanifikia, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Basi nachovya mkate kwenye chai ya chumvi, nalala. Ulisikia vizuri Desemba. Nilikuwa nagonga tu.

Nilimficha kila mtu. Mpishi asiyeonja wangemtoa jikoni siku hiyo hiyo, na miaka thelathini na moja yote ingeishia kwenye mazungumzo ya sahani zilizorudishwa.

Juzi nimemwambia msaidizi, kwa sababu alinikuta naisoma barua yako mara ya tatu. Unajua alinijibu nini? “Mpishi Mkuu, mimi nimejua tangu Septemba. Unadhani nani anaongeza maji na viazi ukigeuka?” Nikakumbuka zile siku sita ambazo hakuwepo. Nikakosa pa kuweka uso. Akasema, “Usinitazame hivyo, lete chai. Leo ya kwangu uilete wewe.”

Kuhusu daftari. Muuguzi alipopita mtaani akisema madumu yanakwenda kwenye maabara yenu, nilijiambia Kijiko atapata dumu moja zaidi. Na lile daftari nililiona kama mtihani wako. Ningeandika mkate na chai, binti yangu aaibike mbele ya wakubwa wake? Nikakuandikia chakula bora kuliko vyote nilivyowahi kupika. Kisanduku nilikitia alama kwa sababu majibu nilikuwa nayo. Sikujua kwamba nimekuharibia.

Zahanati nimekwenda. Shinikizo liko juu, wamenipa vidonge, na wamenipangia mtaalamu wa pua na koo tarehe 28. Mwalimu mkuu bado sijamwambia. Nipe siku chache.

Sasa sikiliza. Nimefikiri kuhusu kosa lako. Humu ndani ya bahasha kuna barua ya maombi kwenda kwa mkubwa wako: mimi namba 417 naomba majibu yangu, nimetia saini. Nimeandika tarehe 20 Machi. Maana yake niliomba kabla hujaniambia, na wewe huna kosa. Muuguzi nitamwambia niliichelewesha mfukoni. Iweke kwenye faili, wala usiniulize. Ni karatasi tu.

Baba yako


Maabara
17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi, siku moja kabla Daktari hajarudi.

Kuna kitu sikukuambia. Tarehe 4, kabla sijaenda posta, nilijaza fomu ya kujitoa na kuiweka kwenye droo ya meza yangu. Nilijiambia nitampa akirudi. Lakini fomu ikiwa kwenye droo bado ni karatasi yako mwenyewe, unaweza kuichana wakati wowote. Kwa hiyo juzi nilikuwa na karatasi mbili mbele yangu, yangu na yako. Ya kwako ilikuwa nzuri sana, Baba. Mwandiko wa ofisi, mstari chini ya anwani. Ningeiweka kwenye faili ningemaliza shule Novemba, na hakuna mtu angejua ila mimi na wewe.

Nimekaa nayo mchana mzima. Nilichokuwa nawaza ni lile daftari. Uliandika wiki nzima ya uongo kwa ajili yangu, kwa mapenzi, na uongo huo nusura ukuangushe kwenye maji ya moto, kwa sababu kila aliyeusoma angesema mtu huyu anakula vizuri. Sasa umeniandikia tarehe. Nikiikubali, nitakuwa binti anayejifunza umbali kati ya wanachosema watu na kilichomo mwilini mwao, na tasnifu yake mwenyewe ina umbali huohuo katikati. Sitaweza kuifungua tena.

Daktari aliisoma fomu akiwa amesimama, bado na begi begani. Akauliza, “Ni nani kwako?” Nikasema ni baba yangu. Akakaa. Akasema alimwita baba yangu fundi wa kudanganya, na anaomba nikufikishie samahani. Nikamwambia hakukosea sana. Alicheka kidogo. Kisha akatia saini.

Nimekurudishia maombi yako humu. Ukiyataka majibu rasmi, andika upya, kwa tarehe ya siku utakayoandika. Utapewa kama mtu mwingine yeyote, naye ndiye atakayekusomea. Na mwalimu mkuu mwambie mwenyewe, kabla wasichana hawajapanga tena sahani dirishani. Mwambie unao ulimi mwingine jikoni, umeajiriwa tayari, na unaitwa msaidizi.

Tundu la mkanda usilizibe. Nataka kuliona.

Mji wa nne si wangu tena. Ufunguo wa friza nimeukabidhi leo saa nne asubuhi, daftari zote nimezihesabu mbele ya katibu, la kwako likiwemo, na nimeomba likizo ya wiki sita. Tiketi ya Jumamosi nimeshakata. Nimenunua na sufuria, ndogo kabisa kuliko zote dukani, muuzaji akaniuliza kama ni ya mwanasesere. Nikamwambia ni ya watu wawili: mmoja ataonja, mwingine atagonga.

Binti yako,
Kijiko